Diwani Haendi Mbio

Katika ujana wangu pale Bagamoyo sikuwa na kazi moja ya kueleweka, lakini nilikuwa na michezo mitano. Nilipiga mieleka, nilikimbia, niliogelea, nilipiga kasia na nilicheza fimbo. Mama alipoulizwa mwanawe anafanya nini, alijibu kwamba yuko mbioni, na watu wakadhani nimeshughulika.

Sikuwa hodari katika yote. Kwenye kasia nilikuwa na nguvu bila akili. Mara moja, mdomoni mwa Ruvu, nilivunja kafi katikati ya mashindano, mtumbwi wetu ukazunguka papo hapo mpaka wenzetu wakafika mwisho, wakapumzika, wakarudi kutuchukua. Kwenye fimbo nilipigwa sikio la kushoto, na tangu siku hiyo upande huo nasikia nusu ya maneno. Mbio ndizo nilizozipenda. Nilitoka sokoni hadi Kaole na kurudi, na watu waliokaa barazani walinyanyuka kunitazama nikipita. Lakini jina langu lilitokana na mieleka. Kuanzia mjini hadi Makurunge niliwaangusha wote waliokubali kusimama mbele yangu, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa mtu wa Zinga. Mfupi, mpana, shingo hana, na ukimshika kiuno ni kama umekumbatia pipa la samli. Miaka mingi tulikutana kila Siku ya Mwaka, watu wakishakoga baharini asubuhi na kukusanyika uwanjani. Mara nyingi aliniangusha yeye. Mara chache nilimwangusha mimi, na kila nilipomwangusha aliinuka, akanipa mkono, akasema mchanga wa leo una utelezi. Sikumchukia, lakini nilikuwa nikimwota.

Mwisho wangu uwanjani ulikuja kwa goti. Nilikuwa nimekwisha kuoa, nina watoto wawili, na bado sijakoma. Nilimshika yule mtu wa Zinga, nikageuka kwa kasi, na goti likatoa sauti ambayo hata waliokaa mbali waliisikia. Walinibeba hadi nyumbani juu ya ubao wa mlango, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wa wabebaji. Njiani kote alikuwa akinipa pole na kunieleza kwamba hata bila lile goti ningeanguka tu.

Nilikandwa mafuta na majani kwa miezi miwili. Nikaweza kutembea, nikaweza hata kukimbia kidogo, ila mieleka ikawa imeniacha. Nilikuwa bado nakaa mlangoni nikiutazama mguu wangu kama mtu anayetazama mgeni asiyetaka kuondoka, ndipo mjomba wangu alipofariki.

Mjomba alikuwa diwani wa mtaa wetu. Maana yake, yeye ndiye aliyetusemea katika baraza la mji, na mambo yalipokuwa makubwa, mbele ya liwali aliyewekwa na Seyyid wa Unguja. Kiti chake kiliweza kwenda kwangu au kwa binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Binamu alikuwa amesoma, ana sauti nzuri, na akianza kusema huna haja ya kumsaidia kumaliza. Mimi nilikuwa na goti bovu. Wazee wakanichagua mimi.

Nilidhani wamekosea, nikamwendea mkubwa wao, nikamshika mkono, nikamuuliza kwa adabu imekuwaje. Akanieleza bila kuona haya.

"Binamu yako akisema, watu wa mitaa mingine watamjibu," alisema. "Wewe ukiketi tu, watafikiri kwanza."

Basi nikawekwa ndani siku saba kama ilivyokuwa desturi, nalishwa wali wa samli, kuku na asali, sifanyi lolote. Niliingia mle ndani mchezaji aliyepumzika, nikatoka mtu mzima mwenye kitambi. Ng'ombe akachinjwa, ngoma zikapigwa, nikafungwa kilemba, nikavishwa joho lililokuwa la mjomba. Mjomba alikuwa mrefu kuliko mimi, kwa hiyo kila nilipopiga hatua joho lilibaki nyuma kidogo likinifuata baadaye.

Sheria za kazi alinifundisha mke wangu, kwa kuwa yeye ni binti wa diwani na alizijua tangu utotoni. Diwani habebi mzigo. Diwani hali akiwa amesimama. Diwani hacheki mpaka meno ya nyuma yaonekane. Na juu ya yote, diwani haendi mbio. Nilimuuliza ikiwa mvua inanyesha. Akasema diwani hulowa. Nilimuuliza ikiwa nyumba inaungua. Akafikiri kidogo, akasema inategemea nyumba ya nani.

Haukupita mwezi nikajaribiwa. Ng'ombe dume wa msafara mmoja wa bara alikata kamba sokoni, akaja kwenye njia yetu ameinamisha kichwa. Watu wote wakakimbia, wengine wakapanda juu ya kuta, na mwuza kanzu wa Kihindi akajifungia dukani pamoja na wateja. Mimi nilikuwa katikati ya njia na joho langu. Miguu yote miwili, hata ule mbovu, ilitaka kukimbia. Nikamkumbuka mke wangu, nikatembea. Nilitembea upesi kuliko nilivyowahi kukimbia, lakini nilitembea. Yule ng'ombe akanipita kwa upande, akagusa joho, akaenda zake pwani. Siku ile heshima yangu ilipanda sana mjini. Watu walisema hata mnyama amemtambua diwani.

Barazani mambo yalikuwa magumu zaidi. Sikujua kusema. Wenzangu walizungumza kwa mafumbo, wakitaja mababu, wakizunguka jambo kama watu wanaotafuta mlango wa nyumba gizani. Mimi nilizoea mchezo ambao ukimshika mtu, anaanguka, watu wanakwenda kula. Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya majirani wawili waliogombea mpaka wa shamba la minazi. Niliwasikiliza asubuhi nzima, wote wawili wakawa na haki, nikachoka. Nikawaambia wapige mieleka. Wakapiga, na aliyeshinda akawa yule ambaye mtaa mzima ulijua kwamba alisogeza mpaka. Wazee wakakaa nami siku mbili kulitengua jambo lile bila kusema kwamba diwani alikosea.

Tangu hapo nikaamua kusema neno moja tu. Kila lililoletwa mbele yangu nilisema, "Tutalitazama." Ajabu ni kwamba watu waliridhika. Nusu ya mashtaka yalikwisha yenyewe kwa kungoja. Nami nikajifunza kuwaketisha wasemaji warefu upande wa sikio langu la kushoto, na uso wangu, kwa kuwa ulikuwa ukijitahidi kusikia, ulionekana uso wa mtu anayefikiri sana. Hata binamu yangu alianza kuniletea watu.

Jambo moja tu lilikataa kuisha kwa kungoja. Kati yetu na Zinga kulikuwa na hori la mikoko, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, ambako pande zote mbili zilikata boriti za kujengea. Siku zote watu walikata bila kuulizana, lakini mwaka ule zilitakiwa boriti nyingi, vijana wakakutana mle matopeni na mashoka, wakatoleana maneno. Ilibidi madiwani wa pande mbili wakae pamoja waligawe hori. Na diwani mpya wa Zinga alikuwa nani, kama si yuleyule pipa la samli. Naye alikuwa amerithi kiti, kwa babake.

Ilikuwa tukutane, tuseme, tumalize. Lakini nani aende kwa mwenzake? Anayekwenda ndiye mwombaji. Nilimtumia mjumbe kumwambia nyumba yangu iko wazi kwake. Akanitumia mjumbe kuniambia nyumba yake iko wazi zaidi. Nikamwambia kwetu kuna upepo mzuri. Akajibu kwamba kwao kuna upepo na kivuli. Miezi minne wajumbe walikwenda na kurudi kwenye njia ya Zinga mpaka wakawa marafiki, na mmoja akaoa huko. Boriti hazikukatwa.

Ndipo vijana wa mtaa wetu waliponijia. Mwaka uliopita Zinga waliwaangusha wote, mmoja baada ya mwingine, na vijana walikuwa wamesikia kwamba diwani mpya wa Zinga anawafunza watu wake mwenyewe. Walinishika miguu. Waliniomba niwafunze mieleka kabla ya Siku ya Mwaka. Nilitaka kusema neno langu la siku zote, lakini mdomo ulisema, "Kesho alfajiri, uwanjani."

Mke wangu hakukataa. Alisema tu kwamba kufunza hakumo katika makatazo, mradi nisivue joho na nisimguse mtu. Basi nikawa mwalimu wa mieleka anayefunza akiwa kitini. Jaribu kumweleza mtu kwa maneno namna ya kumpiga mwenzake ngwala. Nilisema, mkono wa kulia upite chini ya kwapa. Wakapitisha, lakini kila mmoja chini ya kwapa lake mwenyewe. Nilisema, sasa mgeuze. Wakageuka wote, wakatazama upande wa bahari. Siku moja watatu walijifunga viungo hivi kwamba ilibidi tuwafungue kama nyavu.

Niliona ni lazima kwanza mimi mwenyewe nikumbuke vizuri ninafanya nini ninapofanya. Mwili ulijua, kichwa hakikujua. Mchana mmoja, nyumba ikiwa kimya, nilijifungia chumbani, nikavua joho, nikachukua ule mto mkubwa wa usufi wa kitandani, nikausimamisha, nikaushika kiuno. Nikaupiga ngwala. Ukaanguka. Nikausimamisha tena, nikautafuta upande wa pili, nikatoa sauti kidogo kwa sababu ya goti. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi.

"Nani anashinda?" akauliza.

Nilimweleza shida yangu, kwani hapakuwa na uongo wowote wa kufaa. Akaweka sinia chini, akaketi kitandani, akaanza kunieleza mieleka yangu. Kwa miaka yote alikuwa akitazama michezo pamoja na wanawake wenzake kutoka upande wa minazi, na kumbe hakuwa akitazama tu. Alijua kila mbinu niliyokuwa nayo, na hazikuwa nyingi. Alijua kwa nini nilimwangusha huyu na kwa nini nilishindwa na yule. Mwisho nikamuuliza lile lililoniuma.

"Na mtu wa Zinga, alikuwa akiniwezea wapi?"

"Ukitaka kumvuta kushoto, unapandisha nyusi," akasema. "Sote tulikuwa tunaona. Wanawake walikuwa wakisema, haya, nyusi hizo, sasa anavuta."

Niliuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuna siku niliyomuuliza. Nilikaa na habari ile mchana kutwa. Nilihesabu moyoni mara zote nilizoanguka, na nikaona nyusi zangu katika kila mojawapo.

Tangu hapo nilifunza kwa njia nyingine. Jioni mke wangu alinieleza, asubuhi mimi niliwaeleza vijana kama maneno yangu mwenyewe. Nilikoma kuwaambia washike wapi, nikaanza kuwaambia watazame nini. Mtazame bega, mtazame pumzi, mtazame uso. Vijana walifunguka. Mmoja wao, mwembamba wa kuchekesha, fundi wa kusuka makuti, ambaye wote walimwona hafai, alikuwa na macho makali kuliko wenzake, na baada ya mwezi hakuna aliyeweza kumshika. Nilianza kuamka kabla ya adhana kwa hamu ya kwenda uwanjani. Barazani hamu hiyo sikuwa nayo hata siku moja.

Siku ya Mwaka ikafika. Watu wakakoga, wakala, wakajaa uwanjani. Upande mmoja nimeketi mimi kitini, joho na kilemba. Upande wa pili ameketi diwani wa Zinga, joho na kilemba, naye kanenepa mpaka kiti kimepotea. Hatukusalimiana, maana wa kwanza kusalimu angekuwa ameanza, na lile hori lilikuwa katikati yetu. Tulitazamana tu kama watu wawili wasiofahamiana, sisi ambao tulikuwa tumekumbatiana miaka kumi.

Vijana wakapigana vizuri. Wakaangusha, wakaangushwa, ikawa sawa kwa sawa mpaka pambano la mwisho, msuka makuti wetu na jitu moja la Zinga. Walishikana muda mrefu. Halafu wakaanguka pamoja, kwa pigo moja, kama gogo. Zinga wakapiga kelele ya ushindi. Na sisi tukapiga. Mwamuzi, mzee wa heshima ambaye macho yake yalikuwa yamemwacha kitambo, akasema yeye amesikia mshindo mmoja tu.

Watu wakaanza kusukumana. Niliinuka kitini. Diwani wa Zinga naye akainuka. Nikapiga hatua moja, naye moja. Nikapiga nyingine, naye akapiga, na kila mmoja akimchunga mwenzake asije akaonekana amemwendea zaidi. Watu wakaacha kusukumana. Tukafika katikati ya uwanja wakati mmoja.

Alisema kwa upole kwamba kijana wangu aligusa ardhi kwanza. Nikasema kwa upole kwamba hapana, kwa kuwa mkono wake ulikuwa hapa. Nikamwonyesha hapa ni wapi, yaani kiunoni pake. Akasema hata kama mkono ulikuwa hapo, wa kwake ulikuwa hivi. Akanishika hivi. Nikasema, na mguu je. Nikaonyesha mguu. Sijui ni nani aliyeacha kuonyesha akaanza kupiga mieleka. Najua tu kwamba nilisikia harufu ya pipa lile la samli na miaka yote ikarudi, nikakaza uso, nyusi zikatulia mahali pake, nikamvuta kushoto.

Alishangaa, niliona. Lakini alikuwa mzito kuliko zamani, na mimi pia, na goti langu halikuwa limeshauriwa. Tulikwenda chini pamoja. Kilemba changu kilifunguka, kikatandaa uwanjani. Joho lake likatufunika wote wawili vichwa.

Chini ya joho kulikuwa na joto.

"Umeumia?" akaninong'oneza.

"Goti. Wewe?"

"Mgongo. Siwezi kuinuka." Akahema kidogo. "Na nikiweza, nani atainuka kwanza?"

Lilikuwa swali la haki. Atakayeinuka kwanza ataonekana mshindi, au ataonekana amekimbia. Hatukuweza kuamua ni lipi. Kwa hiyo tukabaki palepale, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kukutana na hakuna aliyekwenda kwa mwenzake, nikamtajia hori. Akasema watu wake watakata upande wa machweo. Nikasema wetu watakata upande wa mawio. Akauliza katikati je. Nikasema katikati tuache ikue. Akasema vyema. Jambo la miezi minne lilikwisha kabla joho halijaondolewa. Halafu tukahesabu mpaka tatu, tukainuka pamoja, tukishikana ili tusianguke tena.

Nilijua tumejiharibia. Nilingojea kicheko. Badala yake mzee yule mwamuzi, ambaye hakuona kitu, aliuliza kumetokea nini, na mtu mmoja akamjibu kwamba madiwani wamefunga mapatano ya hori. Mzee akatikisa kichwa, akasema ndivyo walivyofanya watu wa zamani, akasifu kwamba bado wako wanaojua desturi. Sijui kama watu wa zamani waliwahi kufanya jambo kama lile. Lakini hakuna aliyethubutu kumkanusha, na mwaka uliofuata mitaa miwili mingine ilitaka madiwani wao wafanye vivyo hivyo. Mmoja wa madiwani hao alikuwa na miaka sabini, akaugua ghafla.

Nyumbani, mke wangu alinikanda goti. Nilipomuuliza nani aliyegusa kwanza, alisema ni mimi, kwa bega la kulia, na wala si kwa tofauti ndogo.

Baada ya hapo tuliwachanganya vijana wetu na wale wa Zinga, tukawafunza pamoja, siku hii kwetu, siku ile kwao. Tuliona hakuna wa kutushinda pwani yote. Ukafika msimu wa misafara, na wapagazi kutoka Unyamwezi wakajaa mjini wakingoja mizigo. Vijana wetu wakawaalika uwanjani kwa majivuno mengi. Watu wale walikuwa wametembea miezi mitatu na pembe za ndovu mabegani. Waliweka vibuyu vyao chini, wakacheka, wakatuangusha wote, mmoja mmoja, msuka makuti akiwa wa mwisho, bila hata mmoja wao kutoka jasho.

Diwani wa Zinga na mimi tulikuwa tumeketi bega kwa bega. Hakusema mchanga una utelezi. Nilimwita yule mpagazi aliyemwangusha msuka makuti wetu, mtu wa makamo mwenye kovu mabegani, nikamuuliza wanasimamaje wanapoanza. Akaniangalia, akaangalia joho langu, akasema si jambo la kueleza kwa mdomo.

Nikavua joho, nikampa mwenzangu alishike. Nikavua viatu. Yule mpagazi akanishika mabega, akanisogeza mguu wa kushoto nyuma kidogo kwa unyayo wake, akaniambia nishuke chini zaidi. Nikashuka. Akasema bado.